Yai Ndani ya Birika

Wiki iliyopita tulimsomea duwa mama mkwe wangu, tuliyemwita Jajja, yaani bibi, nyumbani kwake Makindye, na shemeji yangu Sulaiti akashika kipaza sauti akawaambia watu kwamba mama yake ameishi miaka sabini na minne bila kuonja kuku wala yai. Alilitaja jambo hilo kama mtu anayetaja hija. Chini ya hema wanaume walitikisa vichwa. Mimi nilikuwa nyuma kwenye mkeka na wanawake, sahani ya wali na maharage mapajani, na nilihisi moto unanipanda shingoni, kwa sababu alilosema halikuwa kweli, na aliyejua hivyo ni mimi peke yangu. Mama mkwe wangu nilikuwa nimemwahidi kwamba sitasema. Miaka tisa nimeishi na ahadi hiyo kama mtu mwenye kijiwe kiatuni, unatembea nacho tu, unazoea. Kisha Sulaiti akanitaja na mimi. Akasema mkwe wa marehemu, Mastula, mnamwona pale, amefuata njia ya mama, naye hagusi kuku, na hiyo ndiyo adabu tunayoitaka kwa watoto wetu wa kike. Watu wakageuka kuniangalia wakitabasamu. Jajja Nulu, dada wa marehemu, aliyekaa kando yangu, akanipapasa goti kunipongeza. Nilitaka kumrushia Sulaiti sahani.

Watu huniuliza sana kwa nini sili. Nina kibanda cha chakula Wandegeya, karibu na hosteli za wanafunzi. Napika maharage, kunde, mchuzi wa karanga, mchicha tunaouita dodo, uyoga ukipatikana, matoke na posho, ugali wetu. Nyama hakuna, mayai hakuna, maziwa hakuna, hata kwenye chai. Mwanafunzi mmoja mwenye miwani ndiye aliyeniambia kwamba mtu kama mimi anaitwa vegani, akaniuliza kama nilianza kwa ajili ya afya au kwa ajili ya dunia. Nikamwambia nilianza kwa hasira. Alidhani natania, akacheka, akaomba aongezewe mchuzi. Wengine wanadhani mimi ni Msabato, na hijabu yangu hii kichwani. Wengine wanadhani naumwa tumbo. Muuza chapati wa jirani, siku ya kwanza nilipomwomba anikunjie roleksi, ile chapati ya kuviringishia yai, bila yai, alinitazama kwa huruma kama mtu aliyefiwa. Akaniambia, "Nyabo, roleksi bila yai ni chapati." Ni kweli. Tangu siku ile nanunua chapati na nyanya zake, na hatubishani. Lakini sababu yenyewe sijawahi kuieleza kwa mtu, kwa kuwa huwezi kuieleza bila kumtaja Jajja, na Jajja alikuwa hai.

Ilianza mwaka aliozaliwa Shamim, binti yangu wa kwanza. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimemaliza mwaka wa nne wa sekondari na kuishia hapo. Hakim alinioa tumbo likiwa tayari linatangulia mlangoni, akanileta kwa mama yake, kisha akapanda lori lake akaenda Juba. Ndiyo ilikuwa kazi yake: wiki moja nyumbani, wiki tatu barabarani. Kwa hiyo ndoa yangu ya mwaka ule ilikuwa na Jajja zaidi kuliko na Hakim, na Sulaiti, kaka mkubwa, aliyekuwa na chumba chake uani na kula kwa mama. Mke wake alikuwa amekwisha kuondoka. Sikuuliza kwa nini. Nilikaa pale mwezi mmoja nikajua. Sebule ya Jajja bado naiona nikifumba macho: viti vilivyovishwa vitambaa vya kushona kwa mkono, kabati la vioo lenye vikombe ambavyo havikuwahi kutiwa chai, na picha ya marehemu mume wake akiwa na sare ya polisi, kidevu juu, kama anayesikiliza amri. Jiko lilikuwa nje, mabati juu na majiko mawili ya mkaa chini, na mahali pangu palikuwa pale. Jajja alikuwa Muganda, ila Kiswahili alikijua kutoka kambi ya polisi alikolelea watoto wake, Kiswahili cha kukata, "hii mtoto," "ile kuku," na ndicho tulichozungumza, mimi Mnubi na yeye, hadi nilipojifunza Kiganda kutokana na jinsi alivyokuwa akinigombeza.

Nyumbani kwetu kuku akichinjwa mnakula wote, wakubwa kwa wadogo, mnagombania mifupa. Kwa Jajja nilikuta sheria. Wanawake wa Kiganda wa zamani walikatazwa kuku na mayai, na hapa mjini siku hizi wengi wanalisimulia jambo hilo wakicheka, huku wanatafuna paja. Kwa Jajja hakuna aliyecheka. Kuku alikuwa wa wanaume. Firigisi ilikuwa ya Sulaiti, na Hakim akiwepo ilikatwa katikati kwa kisu chembamba, Jajja mwenyewe akikata, uso umetulia kama anagawa urithi. Mapaja kwa wageni, mabawa kwa wavulana wa majirani ikibidi. Sisi wawili tulikula matoke na mchuzi wa karanga jikoni, na harufu ya kuku ikiwa bado nguoni mwetu. Nyama ya ng'ombe tuliruhusiwa ikinunuliwa, nayo ilinunuliwa mara chache. Siku ya kumpa Shamim jina nilinyonyoa kuku watatu mwenyewe, nikiwa bado nakaa upande mmoja kwa sababu ya nyuzi nilizoshonwa nilipojifungua. Tukawapika luwombo, mmoja mmoja ndani ya jani la mgomba, mvuke polepole tangu asubuhi. Nikawabeba ndani. Sulaiti akafungua jani lake, akachagua firigisi, akaitafuna taratibu akitazama dari. Mwanamke anayenyonyesha ana njaa ambayo mwanaume haijui. Haikai tumboni, inakaa kwenye mifupa. Nilisimama pale na sinia mkononi nikamhesabia Sulaiti alivyotafuna, na mate yakanijaa mdomoni kama mbwa.

Basi nikaanza kuiba. Jajja alikuwa na kuku mwekundu, shingo tupu, aliyetaga nyuma ya gunia la mkaa. Mayai yalikuwa ya Sulaiti, mawili kila asubuhi, yakizidi anawekewa. Sufuria ingeniumbua, kwa hiyo nililichemsha yai ndani ya birika la chai, lile kubwa la alumini, maji yanapochemka kwa ajili ya nyumba nzima, nikalitoa kwa mwiko kabla ya kutia majani. Nilikula nimesimama nyuma ya bafu, maganda nikayasaga kwa kisigino nikayafukia chini ya mgomba. Wiki mbili nilifanya hivyo, na sijawahi kula kitu kitamu kama mayai yale. Nasema hivi ili mtu asije akafikiri nilizaliwa nikiwaonea kuku huruma. Nilikuwa na njaa, na nilijua kuiba.

Jumamosi moja Shamim alilia, nikamkimbilia, nikasahau. Niliporudi Jajja alikuwa ameshatia majani na maziwa, ameingiza birika sebuleni, na pale walikaa Sulaiti na wazee wawili wa msikiti waliokuja kuongea naye habari za paa lake. Jajja alikuwa akimimina. Chai ikatoka vizuri, ikapungua, ikawa uzi, ikakatika. Akalitikisa birika. Kitu kikagonga ndani, kok. Akatikisa tena. Mzee mmoja akasema labda ni tangawizi. Jajja akafungua kifuniko akatazama ndani kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi, mlangoni, mtoto begani. Akaingiza kijiko akalitoa yai, limekuwa la kahawia kwa majani ya chai, akaliweka kwenye kisosi katikati ya meza, mbele ya wageni. Wale wazee wakaanza kusifu vitambaa vya viti.

Kesho yake nikaitwa. Sulaiti alisema mengi, kwamba mtoto wa Wanubi hakufundishwa, kwamba nimemwaibisha mama mbele ya watu wa msikiti, kwamba mwanamke anayekula yai anawala watoto ambao hajawazaa bado. Niliwaambia nanyonyesha na nina njaa. Jajja alijibu bila kupandisha sauti. Alisema, "Mimi nilizaa saba. Wote nilinyonyesha. Yai sikula." Ilikuwa kweli, na alikuwa hai mbele yangu, mikono yake juu ya magoti kama mizizi. Hukumu ikawa ile ya kawaida ya kwao: ninunue jogoo, nimpike luwombo mwenyewe, niwapelekee wanaume nikiwa nimepiga magoti, niombe msamaha. Wangoje Hakim arudi kutoka Juba ili naye awepo. Hakim akarudi na vumbi la njia nzima. Usimfikirie vibaya, Hakim si mtu mbaya, ni mtu anayependa mambo yaishe. Chumbani alikaa kitandani anavua soksi akaniambia, "Piga magoti tu, Mastula. Ni kuku."

Nikamuuliza kama ni kuku tu, mbona sili.

Alikaa na soksi moja mkononi. Kisha akavua ya pili.

Nilipiga magoti. Simenti ya sebule ile ina baridi hata mchana, naijua kwa magoti yangu. Nikasema nisameheni, nikasukuma sinia mbele. Halafu, kabla hawajafungua jani, nikasema kuanzia leo sili. Si kuku wala yai peke yake. Sili ng'ombe, sili mbuzi, sili samaki, hata mkinibembeleza. Sulaiti alicheka akasema hakuna atakayenibembeleza. Sikuwa nimepanga. Maneno yalitoka yenyewe, na niliyasema kwa sababu moja: kuku na mayai nilikatazwa nao, kwa hiyo nilitaka kuacha na vile ambavyo hawakunikataza, ili iwe kubwa kuliko amri yao, ili iwe yangu. Ukiniuliza kama huo ni upumbavu, nitakuambia ndiyo, kidogo. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na nilikuwa na mdomo tu. Nilirudi jikoni nikala matoke na karanga, mabakuli mawili, na kwa mara ya kwanza harufu ya luwombo ilipita juu yangu bila kunishika.

Shamim alipofika miezi minne nikatafuta kazi ya kunitoa pale nyumbani. Nikaipata Nakawa, sokoni, upande wa kuku. Mteja anachagua kuku kwenye tundu, mchinjaji anachinja, mwingine anachovya kwenye pipa la maji ya moto, halafu anafika kwetu, wanawake watatu kwenye vigoda, tunanyonyoa. Dakika tatu kuku mmoja ukishazoea. Nilinyonyoa mamia, na sitadanganya, sikuwaza chochote. Waliletwa wameshakufa, wana joto, wamelowa, na sisi tulizungumza habari za waume zetu. Kilichonifikia pale hakikuwa kuku. Shamim nilimwacha kwa Jajja na uji, na ikifika saa tano maziwa yangu yalijaa hadi kifua kikawa kigumu kama ubao, blauzi ikaloa, nikaenda chooni nikayakamua ukutani. Kila siku. Maziwa ya mtoto wangu yanateremka kwenye ukuta wa choo cha soko, na mtoto yuko Makindye. Mbele ya choo kulikuwa na duka la maziwa, madebe yamepangwa, na mwenye duka, mama mcheshi, siku moja alinikuta natoka nikifunga vifungo akanipa pole. Akaniambia hata ng'ombe wanalia hivyo hivyo ndama akiondolewa, yeye amekulia nao, siku tatu nne wanalia halafu wananyamaza, maziwa yanaendelea. Alisema ili kunifariji. Akanimiminia kikombe, bure. Nilikishika, cha moto, utando juu, na sikuweza. Nikamrudishia nikamwambia nimeshiba. Ile haikuwa hasira. Sikujua ilikuwa nini, ila niliporudi nyumbani jioni nilianza kunywa chai ya rangi.

Jajja aliona. Jajja aliona kila kitu. Na hapo ndipo waliponinyang'anya hasira yangu. Nilidhani nikikataa kula wataona nimekasirika. Kumbe waliona nimetengenea. Nilikuwa nimerudi kutoka kazini siku moja, nimesimama uani nanawa miguu, nikamsikia sebuleni na wenzake, akina Jajja Nulu, wale wazee wa kike watano waliokuwa wakikutana kwake kusuka mikeka na kuwasema watu. Alikuwa anawahadithia habari zangu. Akasema, "Hii mtoto ilikuja hapa mwizi wa mayai. Sasa hata maziwa haigusi. Imenizidi mimi." Wenzake wakashangilia, bambi, jamani, mkwe kama huyo siku hizi utampata wapi, wasichana wa leo wanakula kuku hadharani na soda juu. Jajja Nulu akasema yeye hata harufu ya yai inamtia kichefuchefu tangu utotoni, na wengine wakasema nao pia. Nilisimama na mguu mmoja ndani ya beseni. Hasira yangu walikuwa wameitia kwenye fremu, wameitundika ukutani karibu na yule polisi. Nilifikiria kwenda kununua kuku mzima wa kuchoma, niingie naye, nimle mbele yao mpaka mfupa wa mwisho. Kilichonizuia ni kitu cha ajabu: nilijaribu kuifikiria ladha yake na nikakuta siitaki. Hiyo ilinikasirisha zaidi. Nilikuwa sijui tena kama sili kwa sababu yao au kwa sababu yangu.

Mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza, Jajja aliugua. Malaria kwanza, halafu malaria ikaondoka na nguvu hazikurudi. Alikonda mpaka bangili zikawa zinapanda hadi kwenye kiwiko. Nilimpeleka zahanati, na muuguzi, msichana wa rika langu, akampima damu akasema imepungua sana, ale mayai, ale kuku, anywe mchuzi wake. Jajja akamwambia asante, mwanangu, kwa heshima zote, na njiani akaniambia yule msichana hana mama. Wiki tatu nikamlisha maharage yaliyopondwa, dodo na karanga, kila nilichojua, na alikuwa akila vijiko viwili anageuza uso. Usiniulize kama nilimpenda wakati ule. Nilimwosha mgongo, nikamchana nywele, na bado nilimkasirikia. Vyote vinakaa ndani ya mtu mmoja.

Ijumaa moja asubuhi alikuwa amekaa kwenye mkeka nje ya jiko, anaota jua. Nilikuwa nachambua mchele. Akaniambia ile kuku nyekundu imeacha kutaga. Nikamwambia bado inataga, jana tu nimetoa yai. "Imeacha," akasema, bila kunitazama. Kisha akasema fundi viatu wa jirani apelekewe achinje kabla hajaenda swala ya Ijumaa, na nipike mwenyewe, na kabla wanaume hawajarudi kutoka msikitini iwe imekwisha. Ndipo nikaelewa. Nilikwenda nyuma ya gunia la mkaa nikamchukua yule kuku. Hakukimbia, alinizoea, mimi ndiye niliyekuwa nikimwibia. Shamim nilikuwa nimemfunga mgongoni, amelala, na kuku nikamweka kwapani, na nikatembea hatua zile ishirini hivi hadi kwa jirani. Joto la mgongoni na joto la kwapani vilikuwa kitu kimoja. Moyo wa mmoja unapiga huku, wa mwingine unapiga kule, wa kuku haraka zaidi. Mamia niliowanyonyoa Nakawa sikuwahi kumbeba hata mmoja akiwa hai. Huyu nilijua anapolala. Nilisimama mpaka mwisho, kwa sababu niliona kama nimemleta, lazima nisimame.

Nilimpika kwa chumvi na kitunguu tu, nikapeleka bakuli sebuleni nikafunga mlango. Jajja alinawa, akasema bismillahi mara mbili. Hakuanza na mchuzi kama muuguzi alivyosema. Alitafuta firigisi kwa vidole mpaka akaipata. Miaka karibu hamsini alikuwa ameikata na kuiweka kwenye sahani ya mtu mwingine, kwanza ya yule polisi wa ukutani, halafu ya Sulaiti. Akaitia mdomoni. Meno yake yalikuwa machache, ilimchukua muda. Nje kulikuwa kimya namna ya Ijumaa mchana, wanaume wote wameondoka mtaani. Akameza. Akatazama vidole vyake.

"Kumbe ni hii tu," akasema.

Nikamuuliza kama haina chumvi. Akasema tena, polepole, kama anamwambia mtu mwingine, kwamba ni hii tu. Na nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona usoni mwa Jajja, nilikijua kwa sababu nilikuwa nakiona kwenye kioo kila asubuhi mwaka mzima. Alikuwa amekasirika. Hakunikasirikia mimi. Alikunywa mchuzi wote, akala kidari, kisha akasukuma bakuli upande wangu, paja likiwa limebaki. Akaniambia nile. Hakuna mtu, akasema, na yeye hatasema.

Nililishika. Lilikuwa mkononi mwangu, lina joto, nimeruhusiwa na yule yule aliyelitoa yai langu kwenye birika, mlango umefungwa. Kila kitu nilichokililia tangu Shamim azaliwe kilikuwa pale. Nilikaa nalo hivyo, nikangoja njaa ije, na haikuja. Nikalirudisha kwenye bakuli nikasema sitaki. Jajja akaniuliza kama naogopa. Nikamwambia siogopi, sitaki. Alinitazama muda mrefu, kama alivyotazama ndani ya lile birika.

"Basi wewe si kama mimi," akasema.

"Hapana, Jajja."

"Kale, haya." Akafunika bakuli kwa sahani. Kisha, kwa sauti ndogo, akaniomba nisimwambie mtu, hasa Sulaiti, kwa sababu Sulaiti anajivunia yeye. Nikaahidi. Kuanzia siku ile, kutokula kwangu hakukuwa tena kwa hasira. Hasira ninayo bado, ni yangu, siifichi, lakini chakula changu hakitoki humo. Siku ile nilikuwa nimeulizwa swali kama mtu, nikajibu kama mtu. Jajja alipona, akaishi miaka mingine tisa, na mbele ya watu aliendelea kusema hajawahi. Nikimwangalia, anaangalia pembeni. Hatukuwahi kulizungumza tena, ila tangu siku ile kuku akichinjwa nyumbani kwake, aliikata firigisi vipande vidogo na kuirudisha kwenye mchuzi pamoja na nyama nyingine, na Sulaiti alipouliza, Jajja alimwambia kuku wa siku hizi hawana.

Shamim ana miaka tisa. Anakula kuku. Anakunywa maziwa, anapenda yai la kukaanga pembe zikiwa zimeungua. Sijamkataza hata siku moja, na watu wananishangaa, mama hapiki nyama na mtoto anaila kwa shangazi zake. Akitaka kuacha ataacha mwenyewe. Sikupiga magoti kwenye ile simenti ili nije kumwekea mtoto wangu sheria nyingine.

Kwa hiyo kwenye duwa, Sulaiti alipokuwa bado anasifu, Shamim alikuwa amesimama karibu na sufuria na paja la kuku mkononi, alilopewa na wapishi. Sulaiti akamwona. Akasema kwenye kipaza sauti, si kwa ukali, kwa ule utani wake wa kuumiza, "Shamim, weka hiyo. Jajja yako hakula, mama yako hali. Wewe ni nani?" Watu wakacheka kidogo. Mwanangu hakuweka, ila aliacha kutafuna. Akanitafuta kwa macho kati ya wale wanawake wote.

Nilisimama. Nilikuwa nimemwahidi marehemu, na nilimwomba msamaha moyoni nikiwa nainuka.

"Alikula," nikasema. "Nilimpikia mimi, Ijumaa, mkiwa msikitini. Alianza na firigisi."

Kipaza sauti kililia kidogo kisha kikanyamaza. Sulaiti alifungua mdomo. Sikumngoja. Nikasema mimi sili kwa sababu sitaki, na Shamim anakula kwa sababu anataka, na yeyote mwenye neno aje aniambie mimi. Hakim, upande wa wanaume, alitazama viatu vyake, kama kawaida, halafu akavuta kiti cha plastiki kilichokuwa kando yake akamwambia Shamim akae ale vizuri. Mtoto akakaa katikati ya wazee wale, akauma.

Nikakaa chini. Jajja Nulu alikuwa ameshika pindo la gauni langu, ananivuta nimkaribie, na nikajiandaa kutukanwa.

"Ulimpa firigisi?" akaninong'oneza.

Nikamwambia alichagua mwenyewe.

"Aa," akasema, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Na meno yale. Ungempa paja. Paja ndilo tamu."

Pale mkekani wale wazee wa kike wote walikuwa wameinamia sahani zao, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza amejuaje.